Ndui: Jinsi Ilivyoenea na Jinsi Ilivyokomeshwa

Mtu akikaa na wazee kandokando ya ziwa letu, hapa Ilemela au Ukerewe au ndani ya Usukuma, na akiwatazama kwa adabu, mara nyingi ataona juu ya mkono wa mzee kovu dogo la mviringo, lililodidimia kidogo kama mahali palipobonyezwa kwa ncha ya kidole. Hiyo ni alama ya chanjo ya ndui. Wazee hao nao huwakumbuka wazee wao waliokuwa na alama nyingine, si ya mkononi bali ya usoni: mashimo mashimo yaliyoenea mashavuni na puani mpaka kwenye kope. Hao walikuwa wameugua ndui wakapona. Wengine walipona miili lakini macho yao yakafa.

Huenda msomaji akauliza, ya nini kuandika habari za maradhi yaliyokwisha? Ni kweli, ndui imekwisha duniani, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza hivyo tarehe 8 Mei 1980. Lakini ndui ilikuwa na ndugu yake, naye hakufa. Mwezi wa Machi 2025 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kuwa wagonjwa wawili wa Mpox, yale maradhi ambayo wengi waliyaita homa ya nyani, wameonekana nchini. Na watu waliozaliwa baada ya chanjo ya ndui kukoma hawana kinga ambayo wazee wao waliipata kwa chanjo ile. Basi yafaa wakuu wa vijiji na walimu, ambao watu huwaendea kwanza wanapotaka kujua jambo, waifahamu habari hii tangu mwanzo wake.

Kwanza ijulikane ndui ilikuwa nini. Haikuwa laana, wala kazi ya mchawi, wala haikuletwa na upepo mbaya au chakula. Ililetwa na kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho, ambacho waganga hukiita kirusi. Na jambo kubwa la kushika katika habari hii yote ni hili: kijidudu cha ndui hakikuwa na makao mengine duniani ila mwili wa mwanadamu. Malaria ina mbu wake. Malale yana mbung'o. Kichocho kina konokono wa ziwani. Kichaa cha mbwa chaweza kukaa kwa mbwa, fisi na mbweha. Ndui haikuwa na mnyama wa kuihifadhi, wala mdudu wa kuibeba, wala maji ya kuitunza. Ilikaa ndani ya mtu mmoja kwa majuma machache tu, kisha mtu yule ama alikufa ama alipona, na kwake yeye ndui mambo hayo mawili yalikuwa sawa, maana yote mawili yalikuwa kufukuzwa nyumbani. Aliyepona hakuugua tena, isipokuwa kwa nadra sana. Kwa hiyo ilikuwa lazima ndui ihamie kwa mtu mpya kila mara, na isipompata, ilikufa.

Sasa tuhesabu siku zake, maana bila hesabu hii mengine hayaeleweki. Tangu mtu alipoambukizwa zilipita kama siku 12, mara nyingine 7 na mara nyingine 17, naye hakujua lolote. Alilima, alivua, alisafiri, hakuumwa, wala hakumwambukiza mtu. Kisha ilimshika homa kali ya ghafula, pamoja na kuumwa kichwa na mgongo, na kutapika. Akalala siku 2 mpaka 4. Halafu vidonda vidogo vilitokea mdomoni na kooni, na hapo ndipo pumzi yake ilipoanza kuwa hatari kwa jirani. Vipele vilifuata usoni, mikononi na miguuni, hata katika viganja na nyayo. Vilijaa maji, kisha usaha, kisha vikakauka vikawa magamba, na magamba yale yalianguka kwa kadiri ya majuma matatu tangu vipele vilipoanza. Katika ndui kali, kwa watu 10 wasiochanjwa walioshikwa, kadiri ya 3 walikufa. Ilikuwapo pia ndui nyepesi, ambayo haikuua hata mtu mmoja katika mia.

Ndui ilipita hasa kwa pumzi, uso kwa uso, kwa watu waliolala chumba kimoja na mgonjwa, au waliomwuguza na kumlisha. Ilipita pia kwa nguo na matandiko yaliyopakaa usaha. Haikuruka mbali kama surua. Mtu aliyepita njiani mbele ya nyumba ya mgonjwa hakuwa katika hatari kubwa. Aliyeingia na kukaa kitandani pake ndiye aliyekuwa katika hatari.

Hesabu hizi zatueleza habari za njia zetu za zamani. Speke, yule Mwingereza aliyefika Mwanza mwezi wa Agosti 1858, alitumia siku 25 kutoka Tabora hadi ziwani. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na akafika Kageyi, ufukoni mashariki ya mji wa Mwanza wa sasa, tarehe 27 Februari 1875, yaani baada ya siku 103. Angalia sasa. Kwa mwendo wa namna hii mtu mmoja peke yake hawezi kuichukua ndui kutoka pwani na kuifikisha kwetu. Kabla hajaimaliza nchi ya Ugogo angekuwa amekwisha kuugua, na kabla hajaona ziwa angekuwa amepona au amezikwa. Ili ndui ifike ilihitaji watu watano au sita wa kupokezana, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimwambukiza mwenziwe kabla hajatoka katika hatari yake.

Na safari za wapagazi ziliipa ndui watu hao. Wanyamwezi na Wasukuma walikwenda pwani kwa mamia, wakiwa na pembe, na kurudi na nguo na shanga na waya. Walilala pamoja kambini, wakapikia moto mmoja, wakagawana vibanda vya nyasi ambavyo safari iliyotangulia ilikuwa imeviacha jana. Ndui ilipoingia katika safari, kila usiku ilikuta watu wapya wamelala karibu. Wasafiri wa zamani zile waliandika kwamba waliona wagonjwa wa ndui wameachwa kando ya njia, kwa kuwa safari haikuweza kuwangojea. Si kwamba wapagazi walikuwa watu wachafu kuliko wengine, kama walivyosema watu waliotaka kuwalaumu. Kosa lilikuwa katika namna ya kusafiri, na hata wafalme wa Ulaya, waliolala katika majumba ya mawe, waliuawa na ndui. Louis wa 15, mfalme wa Wafaransa, alikufa nayo mwaka 1774.

Katika habari za safari hizo ipo moja ambayo mimi huiona ni shahidi mkubwa kuliko maneno mengi. Mwaka 1887 Stanley alikwenda kumtafuta Emin Pasha. Alichukua Unguja watu zaidi ya 600, akawapakia katika meli iliyoitwa Madura, wakaondoka tarehe 25 Februari kuzunguka Afrika kwa upande wa kusini hadi mdomo wa mto Kongo. Ndani ya meli alikuwamo mganga wake, Thomas Heazle Parke, naye alitumia siku zile za baharini kuwachanja Waunguja. Wakati ule huenda wengi wao waliona ni usumbufu tu. Mwaka uliofuata, ndani ya bara, ndui iliingia katika safari ile. Wamanyema waliofuatana nao, ambao hawakuchanjwa, walikufa kwa wingi. Waunguja walikaa kambi moja nao na kupita njia moja nao, lakini walioshikwa walikuwa wachache sana. Mwezi wa Agosti 1889 mabaki ya safari ile yalipita pwani ya kusini ya ziwa letu, Usambiro, mahali alipokaa Mackay wa misheni, wakielekea Bagamoyo. Watu wa kwetu waliwaona kwa macho wakipita. Walikuwa wamepungua sana kwa njaa, vita na maradhi mengine, lakini si kwa ndui.

Hazikupita siku nyingi, sotoka ikaingia. Kadiri ya mwaka 1891 ng'ombe wa Usukuma na wa Afrika ya Mashariki yote walikufa kwa makundi, na katika miaka hiyohiyo ndui nayo ilienea na kuua watu wengi. Wengi walidhani mambo haya mawili yametoka katika mkono mmoja, na si ajabu wakidhani hivyo. Kwa kweli sotoka haiwezi kuzaa ndui, kwa kuwa ni vijidudu viwili mbalimbali kabisa. Lakini ng'ombe wakifa njaa huja, na njaa ikija watu huacha nyumba zao, huenda kwa jamaa zao wa mbali kutafuta chakula, na hukusanyika penye akiba. Ndui ilikuwa ikingoja mikusanyiko ya namna hiyo.

Wazee wetu hawakukaa kimya mbele ya adui huyu. Katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki mgonjwa wa ndui alitengwa katika kibanda cha mbali, na aliyepelekwa kumwuguza alikuwa mtu mwenye mashimo usoni, yaani aliyekwisha kuugua. Hawakuwa wameona kijidudu kile, lakini walikuwa wameona kwamba mtu yule hashikwi mara ya pili. Hiyo ni elimu ya kweli kabisa, na mganga wa hospitali hana la kuiongeza ila kueleza sababu yake.

Wengine walikwenda mbele zaidi. Huko Uturuki, Bara Hindi, Uchina na katika nchi kadhaa za Afrika, watu walichukua usaha au magamba ya mgonjwa wa ndui nyepesi, wakamchanja nayo mtu mzima wa afya, ili augue kidogo na kupona. Mwaka 1721, katika mji wa Boston, Marekani, ndui ilipoingia, mhubiri mmoja jina lake Cotton Mather alitoa habari ya dawa hii aliyokuwa ameambiwa na mtumwa wake Mwafrika, aitwaye Onesimus, ambaye alikuwa amechanjwa hivyo kwao. Wakubwa wengi wa mji walimcheka mhubiri kwa kusikiliza maneno ya mtumwa. Waliochanjwa walikufa kidogo kuliko waliougua bila kuchanjwa. Lakini dawa ile ilikuwa na ubaya wake, maana mtu alitiwa ndui yenyewe. Mara nyingine ilimwua, na hata asipokufa aliweza kuwaambukiza jirani zake.

Njia iliyo salama zaidi ilipatikana kwa ng'ombe, jambo ambalo Msukuma hataliona geni. Edward Jenner, mganga wa mashamba huko Uingereza, alisikia watu wakisema kwamba wakamuaji maziwa waliopata vidonda mikononi kutoka katika viwele vya ng'ombe hawashikwi na ndui. Tarehe 14 Mei 1796 alichukua maji ya kidonda cha msichana mmoja mkamuaji, Sarah Nelmes, akamchanja mtoto wa miaka 8, James Phipps. Mtoto alipata homa kidogo, akapona. Mwezi wa Julai Jenner akamchanja na ndui yenyewe, naye hakuugua. Siku hizi mganga atakayemjaribu mtoto wa watu kwa namna hiyo atafikishwa mahakamani, na itakuwa haki. Lakini ndivyo ilivyojulikana. Hata jina la ng'ombe yule limehifadhiwa, aliitwa Blossom, na ngozi yake ingali ikitunzwa London. Na neno ambalo Wazungu hulitumia hata leo kwa chanjo zote latoka katika neno la Kilatini la ng'ombe, vacca.

Ikiwa dawa ilijulikana tangu mwaka 1796, kwa nini ndui iliendelea kuua katika nchi yetu kwa zaidi ya miaka 150? Hapa pana jambo ambalo lazima lisemwe wazi, kwa sababu wazee wengi walisingiziwa ujinga. Dawa ya chanjo ni kitu chenye uhai, na jua liliiua. Zamani iliwezekana kuisafirisha kwa kuipitisha mkono hata mkono. Mwaka 1803 Wahispania walivuka bahari kwenda Amerika wakiwa na watoto yatima 22, wakiwachanja wawili wawili kwa zamu njiani, ili dawa isife kabla ya kufika. Baadaye ilitengenezwa kwa ngozi ya ndama na kutiwa katika vichupa, lakini vichupa hivyo vikichukuliwa siku nyingi juani mpaka kijijini, mara nyingi vilifika na dawa iliyokufa. Mchanjaji alichanja, akaandika hesabu ya watu katika daftari yake, akaenda zake. Kisha ndui ikaja, na watu wale wakaugua.

Basi mzee aliyesema, "Mimi nilichanjwa, na bado nikaugua," hakusema uongo. Alichanjwa kwa maji matupu. Chanjo iliyoshika ilijulikana kwa alama: siku chache baadaye palitokea kipele, kikajaa maji kama siku ya 7 au 8, kikafanya gamba, na gamba likaanguka na kuacha kovu. Pasipotokea kitu, mtu alipaswa kuchanjwa tena. Jambo hili halikuelezwa sana kwa watu, nami naona kutoelezwa huko kuliharibu imani ya vijiji vingi kuliko maneno ya waganga wa kienyeji.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati Leslie Collier huko London alipopata njia njema ya kuikausha dawa ikawa unga mkavu, uliostahimili joto kwa muda mrefu. Kisha miaka ya 1960 ikapatikana sindano ndogo yenye ncha mbili, iliyodaka tone moja tu la dawa, na mtu aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi: kuchoma ngozi mara 15 upesi upesi, basi. Mwaka 1959 mataifa yalikuwa yamekubaliana kuimaliza ndui, na mwaka 1967 kazi ikaanza kwa nguvu. Mwaka huo peke yake inakadiriwa watu milioni 10 au zaidi waliugua duniani.

Hapo mwanzo shauri lilikuwa kuchanja watu wote, lakini katika kazi ile ikaonekana njia fupi zaidi. Mwezi wa Desemba 1966, huko mashariki ya Nigeria, mganga Mmarekani William Foege alipata habari ya ndui naye hakuwa na dawa ya kutosha watu wote wa nchi ile. Akawaomba wamisionari waliokuwa na redio za kupelekeana habari waulize kila kijiji cha jirani kama kuna mgonjwa. Kisha akachanja watu wa nyumba za wagonjwa, na waliowatembelea, na vijiji ambavyo watu wa huko walikwenda sokoni. Wengine aliwaacha. Ndui ikafa, ingawa watu wengi hawakuchanjwa. Sababu yake ni ileile tuliyoisema mwanzo: ndui ilihitaji mtu wa pili, na watu wote walioweza kuwa wa pili walikuwa wamekingwa kabla haijawafikia. Tena ilijulikana kwamba aliyekwisha kukaa na mgonjwa, akichanjwa ndani ya siku tatu au nne, mara nyingi hakuugua kabisa, au aliugua kidogo tu.

Kwa kazi ya namna hii, ya kuchanja na kufuata nyayo za kila mgonjwa, ndui ilitoweka Tanzania katika mwaka 1970.

Mtu wa mwisho kushikwa na ndui ya kawaida duniani alikuwa mtu wa pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Siku zake zote zimeandikwa, nasi tunaweza kuzihesabu. Tarehe 12 Oktoba 1977 gari lilikuwa likichukua watoto wawili wagonjwa wa ndui kuwapeleka kambi ya kutengwa, na dereva hakujua njia. Maalin akapanda kumwonyesha. Walikwenda pamoja kwa dakika chache tu. Yeye alikuwa mtumishi wa hospitali, hata alipata kufanya kazi ya kuchanja watu, lakini hakuwa na kinga. Baadaye alisema mwenyewe kwamba aliogopa maumivu ya chanjo. Tarehe 22 Oktoba homa ikamshika. Wakasema ni malaria. Tarehe 26 vipele vikatoka. Wakasema ni tetekuwanga, wakamruhusu kwenda nyumbani, na rafiki zake wakaja kumtazama. Mwuguzi mmoja ndiye aliyepeleka habari, na ikatambuliwa kuwa ni ndui. Watu wote waliomkaribia wakatafutwa mmoja mmoja, na katika majuma mawili watu 54,777 wakachanjwa. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa naye. Maalin alipona. Miaka mingi baadaye alizunguka katika nchi yake kuwahimiza wazazi wachanje watoto kuzuia ugonjwa wa kupooza, akiwasimulia kosa lake mwenyewe, mpaka alipokufa kwa malaria mwaka 2013.

Mwaka 1978 ndui ilitoroka katika nyumba ya uchunguzi huko Birmingham, Uingereza, ikaua mwanamke mmoja. Tangu hapo haikuonekana tena kwa mgonjwa yeyote. Kijidudu chake kimefungiwa katika mahali pawili tu panapojulikana, Atlanta katika Marekani na Koltsovo katika Urusi.

Sasa turudi kwa yule ndugu yake. Mpox ilitambuliwa kwa mwanadamu mara ya kwanza mwaka 1970 huko Kongo, kwa mtoto mchanga ambaye kwanza alidhaniwa ana ndui. Kijidudu chake ni cha ukoo mmoja na ndui, na chanjo ya ndui ilizuia sehemu kubwa ya ugonjwa huo pia. Mpox haiui kama ndui kali, wala haienei kwa wepesi uleule, lakini ina jambo moja baya ambalo ndui haikuwa nalo: hukaa pia katika wanyama wa porini, kama panya wa mwituni na kuchakulo. Kwa hiyo haiwezi kumalizwa kwa kufuata wanadamu tu. Huweza kutoka msituni tena. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ni hatari kwa mataifa yote, hasa kwa sababu ya kuenea kwake Kongo na nchi za jirani.

Na kwetu hapa safari hazikupungua. Dagaa wa ziwa hununuliwa Mwaloni, Kirumba, na wafanyabiashara kutoka Kongo, Uganda, Kenya na kwingineko, na mtu aliyetoka mbali hakuhitaji siku 103 ili kufika. Garimoshi lilipofika Mwanza mwaka 1928 lilikuwa limekwisha kuifupisha ile njia ya Speke ya siku 25. Siku hizi mtu aweza kuambukizwa katika nchi moja, akavuka mipaka miwili na kulala hapa majuma mawili kabla ya kuona kipele cha kwanza. Mpox hujificha mpaka siku 21. Kwa hiyo kumtazama mgeni usoni na kumwona mzima hakutoshi, na kumfukuza kwa sababu ni mgeni ni ujinga, maana mgonjwa aweza kuwa mtoto wa nyumbani aliyekwenda huko akarudi.

Linalofaa mkuu wa kijiji na mwalimu ni kujua kutofautisha. Tetekuwanga huanza zaidi kifuani na mgongoni, na vipele vyake hutoka kwa mafungu, hata siku moja utaona vibichi, vyenye maji na vyenye magamba pamoja. Vipele vya ndui vilikuwa vingi zaidi usoni, mikononi na miguuni, na mahali pamoja vyote vilikuwa vya umri mmoja. Mpox hufanana na ndui, lakini mara nyingi mgonjwa huvimba tezi za shingoni, kwapani au kinenani, na siku hizi vipele vyake huweza kuwa vichache na kutokea kwanza sehemu za siri, hivyo watu huona haya na kuvificha. Haya hiyo ndiyo hatari. Mtu aone haya mbele ya baraza akipenda, lakini asione haya mbele ya mganga.

Anayeshukiwa apelekewe habari zake zahanati au hospitali siku ileile. Alale peke yake, awe na chombo chake, nguo na shuka zake, na mtu mmoja tu amhudumie, akinawa mikono kwa sabuni kila mara. Asirudi kazini, wala mtoto asirudi shuleni, mpaka magamba yote yameanguka na ngozi mpya imetokea. Majina ya waliolala naye au kumgusa yaandikwe, nao waangaliwe siku 21. Kuandikwa si kushtakiwa. Watu waelezwe hivyo kabla majina hayajaandikwa, maana wakiogopa watataja nusu tu, na katika nusu iliyofichwa ndimo ugonjwa utakamoendelea.

Jambo la mwisho ni la makovu. Vijana wengi wanayo alama juu ya mkono, na baadhi yao husema, "Nami nilichanjwa ndui kama babu." Sivyo. Chanjo ya ndui kwa watu wote ilikwisha kuachwa katika nchi zote miaka ya 1980, baada ya ugonjwa wenyewe kumalizika. Alama ya kijana aliyezaliwa baada ya hapo ni ya chanjo ya kifua kikuu ambayo watoto hupewa wakiwa wachanga. Ni chanjo njema kwa kazi yake, lakini haizuii Mpox.